Safari ya umisheni ya vijana nje ya nchi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kutoka kwa vijana, wazazi na wazee wa kanisa, ambao hutuuliza mambo yaleyale kila safari inapotangazwa. Yameanzia yale ya mwanzo kabisa hadi yale ya kunong'onezana pembeni baada ya kikao. Jambo likishajibiwa mahali pamoja hatulirudii, tunakuelekeza lilipo.

## Mambo ya msingi

Safari ya umisheni ni nini, na inatofautiana vipi na hija au ziara ya kwaya?

Hija mtu huiendea kwa ajili ya roho yake: kuona mahali, kusali, kutubu, kushukuru. Ziara ya kwaya hubeba kitu kilichokwisha kuandaliwa nyumbani na kukiimba kwingine. Katika safari ya umisheni, kundi la kanisa moja linakwenda kufanya kazi chini ya kanisa lingine, kwa muda mfupi, na kazi yenyewe wenyeji walishaianza na wataendelea nayo mkishaondoka. Yashike sana maneno hayo, "chini ya". Mwenyeji ndiye mwenye shamba, ninyi ni vibarua wa msimu. Ukilikubali hilo, nusu ya majibu yaliyo hapa chini utayakisia mwenyewe.

Nani anaamua tutafanya kazi gani?

Kanisa mwenyeji. Najua haipendezi kusikia, maana vijana wakikaa kikao kimoja tu wanatoka na semina tatu, igizo na mkutano wa hadhara. Lakini barua ya kwanza kwa mwenyeji isibebe orodha ya mnayotaka kufanya. Iulize: mna kazi gani ambayo watu kumi na watano wakija itawapungukia, na ni majira gani yanawafaa? Kisha ngojeni jibu, hata likiwa "mwaka huu msije".

Safari mojawapo tulifika na maigizo ya wiki nzima kwa ajili ya shule ya jirani, tukakuta ni wiki ya mitihani. Mwenyeji wetu alikuwa muungwana mno kutukatalia kwa barua, nasi hatukuwa tumeuliza. Wiki ile tulifyeka nyasi na kufagia uwanja, na kusema kweli ndiyo kazi iliyokuwa ikihitajika.

Je, si bora tuwatumie hizo fedha kuliko kuzimaliza kwa nauli?

Wakati mwingine ndiyo, na kamati isiyoweza kulijibu swali hili bila kukasirika haijawa tayari kusafiri. Kama kazi yote iliyopangwa ni kuchanganya zege na kupanga matofali, tumeni fedha. Kule kuna fundi anayejenga vizuri kuliko ninyi, na ujira huo utalisha familia yake.

Kama kuna jambo linalomtaka mtu mwenyewe, hesabu hubadilika: mwenyeji ameomba vijana wa kukaa na vijana wake, ameomba mtu mwenye ujuzi fulani, au makanisa mawili yanataka kujuana kwa miaka mingi ijayo. Mtume Paulo alichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, na bado makanisa yalitoa watu wa kusafiri na mchango ule. Fedha ilifika, na nyuso zilifika pamoja nayo.

Kuna jambo moja tusilolificha mbele ya usharika: anayefaidika zaidi na safari fupi mara nyingi ni yule aliyesafiri. Semeni hivyo waziwazi mnapoomba mchango. Kijana anayesema "nakwenda kujifunza na kusaidia kidogo" atachangiwa tu, na akirudi hatalazimika kutia chumvi.

Sijui kuhubiri, siimbi, na mbele za watu natetemeka. Nitakuwa wa kazi gani?

Mwaka 1732 Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, walipoanza kupeleka wamisionari ng'ambo, wawili wa kwanza walioondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi walikuwa Leonhard Dober, mfinyanzi mwenye umri wa miaka 26, na David Nitschmann, seremala. Hakuna kati yao aliyetoka chuo cha uchungaji.

Kundi linahitaji mtunza fedha, mtu wa huduma ya kwanza, mwandishi wa kumbukumbu, mtu anayeamka kabla ya wengine, na mtu mmoja mtulivu wa kukaa na mwenzake anayelia usiku. Kwa uzoefu wetu wahubiri hawajawahi kupungua. Anayekubali kuosha vyombo bila kuambiwa ndiye tunayemtafuta kwa tochi.

Umri wa chini ni upi?

Kila kanisa lina kanuni yake. Sisi hupendelea miaka 16 na kuendelea kwa safari ya nje, na hata hapo tunaangalia kama kijana amewahi kulala mbali na nyumbani kwa zaidi ya siku mbili. Chini ya miaka 18 kuna makaratasi ya ziada. Tazama sehemu ya hati.

Rafiki yangu si wa kanisa letu. Anaweza kuja?

Anaweza, iwapo anahudhuria maandalizi yote kama wengine na mwenyeji ameambiwa. Asichukuliwe kwa sababu nafasi zimebaki na kamati inataka kugawana nauli.

Maandalizi huchukua muda gani?

Miezi 9 hadi 12 tangu barua ya kwanza. Safari yenyewe siku 10 hadi 14 zinatosha. Chini ya hapo mnaondoka kabla hamjayajua majina ya watu.

## Fedha

Mchango wangu unalipia nini na nini?

Daini karatasi yenye mafungu: nauli, viza, bima, chanjo, malazi na chakula, usafiri wa ndani, mchango kwa kanisa mwenyeji, na akiba ya dharura. Mafungu mawili ya mwisho ndiyo husahaulika. Kundi linapokula na kulala kwa watu, mwenyeji anaingia gharama ambazo hatazitaja, kwa hiyo mkubaliane kiasi mapema na mweka hazina wao akipokee kwa stakabadhi. Akiba ya dharura isipungue nauli ya kumrudisha mtu mmoja nyumbani ghafla pamoja na mtu mzima wa kumsindikiza.

Nani ashike fedha?

Wawili, wasiwe ndugu, wala mmoja wao asiwe kiongozi wa kiroho wa safari. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, Paulo anaeleza kwamba mchango ule mkubwa haukubebwa na mtu mmoja, ili pasiwe na wa kuwalaumu. Kama yeye alijihadhari, na mwenyekiti wa vijana ajihadhari. Risiti zote zipigwe picha siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi zile hufifia zikikaa kwenye joto.

Fedha taslimu zigawanywe kwa watu wazima kadhaa. Kiasi cha fedha kinachopaswa kutangazwa forodhani hutofautiana. Kuingia Marekani ni zaidi ya dola 10,000, na Umoja wa Ulaya ni kuanzia euro 10,000. Marekani huhesabu fedha za familia au za watu wanaosafiri pamoja kama fungu moja, kwa hiyo kuzigawanya mifukoni ili zionekane chache ni kujitafutia kesi.

Nimechangiwa na watu, kisha nimeshindwa kusafiri. Fedha ni zangu?

Hapana. Watu waliipa safari, wakapitia kwako. Kwa kawaida fedha hubaki kwenye mfuko wa safari, na anayetaka kurudishiwa mchango wake aulizwe kwa heshima. Liandikeni hili kwenye fomu ya kujiunga siku ya kwanza, kabla hakujawa na mwenye machungu.

Nyumbani hatuna uwezo. Nijitoe?

Usijitoe. Njoo umwambie mlezi wa vijana faraghani. Kundi letu huchanga kwa pamoja, na hatutangazi nani ameleta nini. Orodha ya wachangiaji ikibandikwa ukutani, watakaosafiri ni watoto wa wenye nacho tu.

## Hati na mipaka

Pasipoti yangu inaisha baada ya miezi minne. Itafaa?

Kwa nchi nyingi haitafaa. Kanuni iliyoenea ni kwamba iwe hai kwa angalau miezi 6 tangu siku ya kuingia, na iwe na kurasa tupu za kutosha. Nchi za eneo la Schengen (nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja) zinataka miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Shirika la ndege likiona pasipoti ina kasoro litakuacha palepale kaunta, nao watakuwa wamekusaidia. Jina kwenye tiketi liwe lile la pasipoti, herufi kwa herufi. Jina la ubatizo lisiloonekana kwenye pasipoti libaki kanisani.

Tuombe viza ya utalii? Hatulipwi, kwa hiyo si kazi.

Swali hili limewafikisha wengi pabaya. Kutolipwa hakuifanyi shughuli yako kuwa utalii. Baadhi ya nchi zina viza maalumu ya shughuli za kidini au za kujitolea, nyingine zinaruhusu mambo hayo kwenye viza ya kawaida ya mgeni, nyingine zinayakataza kabisa. Waulizeni ubalozi kwa maandishi, mkieleza shughuli zenu kama zilivyo, na mchapishe jibu mkaende nalo.

Na afisa wa uhamiaji akiuliza mmekuja kufanya nini, vijana wote wajibu kitu kimoja: ukweli, kwa sentensi mbili. Tumewahi kuelezwa habari za kundi lililofundishwa na kiongozi wake kusema "tumekuja kutembea tu", huku wote wamevaa fulana zenye msalaba na jina la safari mgongoni.

Kijana wa chini ya miaka 18 anahitaji nini?

Barua ya idhini ya wazazi wote wawili au mlezi wa kisheria, iliyoshuhudiwa na wakili au mthibitishaji wa hati, ikitaja tarehe, nchi, na mtu mzima anayekabidhiwa kijana. Pamoja nayo aweke nakala ya cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi, na idhini ya pekee ya matibabu, maana hospitali nyingi hazimfanyii mtoto upasuaji kwa neno la mwalimu wa shule ya Jumapili. Mzazi mmoja akiwa amefariki au ndiye pekee mwenye haki ya malezi, hati ya kuthibitisha hilo nayo isafiri.

Katika kundi letu kuna mwenye uraia tofauti. Kuna shida?

Kuna kazi ya ziada. Huyo ana masharti yake ya viza, ya kwenda na ya kupita njiani, na ya kurudi pia ikiwa anaishi kwenu kwa kibali. Mpangieni ratiba yake ya maombi mapema kuliko wengine wote.

Tunapotaka kwenda sheria inakataza kuwageuza watu dini. Twende?

Inategemea mwenyeji anasema nini, siyo ujasiri wenu. Nepal, kwa mfano, inamfunga mtu anayemgeuza mwingine dini, na mgeni hufukuzwa nchini. Urusi tangu mwaka 2016 imebana sana shughuli za kimisionari nje ya majengo ya ibada. Mkivunja sheria, ninyi mtapanda ndege. Mchungaji wenu mwenyeji atabaki na polisi mlangoni. Kama amewaomba mje kusali na kutiana moyo tu, fanyeni hilo na msiongeze neno.

## Afya

Ni chanjo zipi za lazima?

Inayodaiwa mpakani mara nyingi zaidi ni ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa wiki ya safari ni kuchelewa. Tangu Julai 2016 cheti kinakubalika maisha yote. Kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10 hakijaisha. Angalieni pia mnapobadilisha ndege: baadhi ya nchi hudai cheti hata kama mmekaa zaidi ya saa 12 tu kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo.

Nyingine haziulizwi mpakani lakini daktari atazizungumzia: homa ya matumbo, homa ya ini A, pepopunda, surua, na kichaa cha mbwa kwa watakaokaa mbali na hospitali. Mwoneni wiki 6 hadi 8 kabla.

Malaria?

Kama mnakwenda kwenye maambukizi, daktari atachagua dawa ya kinga. Tofauti zao ni muhimu kwa mweka ratiba: atovakwoni-proguanili huanzwa siku 1 au 2 kabla na kuendelea siku 7 baada ya kuondoka; doksisiklini huanzwa vivyo hivyo lakini huendelea wiki 4; meflokwini huanzwa angalau wiki 2 kabla na kuendelea wiki 4. Vijana huziacha mara wanapofika nyumbani, na hapo ndipo wanapojiponza. Kuna kundi jingine linalosahaulika: waliokulia kwenye malaria, wakaishi kwingine miaka kadhaa, sasa wanadhani mwili bado una kinga ya utotoni. Haina nguvu ileile tena. Chandarua na dawa ya kufukuza mbu ni kwa wote.

Nikiharisha?

Utaharisha, au jirani yako ataharisha. Kinachoua ni kupungukiwa maji. Mkikosa pakiti za dawa ya maji mwilini, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kwa kipimo cha kijiko kilichosawazishwa, na unywe kidogokidogo. Ukiona damu, ukipata homa kali, au ukishindwa kushika hata maji tumboni, hospitali bila kungoja ibada iishe.

Mbwa ameniuma, lakini ni mkwaruzo tu.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mwambie kiongozi hata kama ulikuwa unamchezea mbwa uliyekatazwa kumgusa.

Natumia dawa kila siku. Niseme?

Sema, kwa kiongozi mmoja na mtu wa huduma ya kwanza. Dawa zako zikae kwenye vifungashio vyake, kwenye begi la mkononi, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa. Dawa za maumivu kama kodeini na tramadoli zinadhibitiwa vikali katika nchi kadhaa, ikiwemo Falme za Kiarabu ambako wengi hubadilisha ndege.

Hili linahusu pia dawa za sonona, kifafa na za kupunguza makali ya virusi. Hakuna mtu anayeachishwa safari kwa sababu ya kunywa dawa. Tuliowahi kuwarudisha nyumbani ni walioziacha kimyakimya ili wasionekane.

Bima ya bei nafuu haitoshi?

Isome kabla ya kuilipia. Tafuta mambo manne: kusafirishwa mgonjwa hadi hospitali kubwa au nyumbani, maradhi uliyokuwa nayo kabla, kazi za mikono kama kupanda ngazi na kujenga, na kupanda pikipiki. Bima nyingi za watalii huyaacha mawili ya mwisho. Nyingine hazilipi kitu mkienda mahali ambapo serikali yenu imeonya watu wasiende.

## Mizigo

Nibebe nini?

Kidogo kuliko unavyodhani. Mzigo usioweza kuubeba mwenyewe kupanda ngazi mbili ni wa kupunguza. Nguo za kufunika mabega na magoti, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, tochi, taulo za hedhi za kutosha safari nzima hata kama zamu yako haijafika. Kwenye begi la mkononi vimiminika visizidi mililita 100 kwa kila chupa katika viwanja vingi vya ndege. Pawabanki haipakiwi kwenye mzigo mkubwa; ibebe mkononi, na isizidi saa-wati 100 (ile ya mAh 20,000 kwa kawaida ni kama 74).

Tukusanye nguo za mitumba na vitabu vya kugawa?

Waulizeni kwanza, tazama "Nani anaamua tutafanya kazi gani?". Mara nyingi uzito ule kwenye ndege unagharimu kuliko kununua hukohuko.

## Mkiwa kule

Mkalimani atanitafsiria vipi mahubiri?

Wazo moja, kisha nyamaza. Methali na utani wa maneno viache nyumbani, kwa sababu mkalimani atabaki amesimama na mkutano utamcheka yeye. Mpe vifungu vya Biblia jana yake avitafute katika lugha yake. Hotuba ya dakika 20 itakuwa 40. Na umtazame anayesikiliza, usimtazame mkalimani.

Naweza kupiga picha za watoto?

Mzazi au mlezi wake akikubali, na mtoto mwenyewe akitaka. Jiulize kama ungependa picha ya mdogo wako, akiwa na kamasi na shati lililochanika, iwekwe ukurasani na mgeni aliyempenda kwa dakika kumi. Usiandike jina lake wala mahali anapoishi. Kundi letu lina wapiga picha wawili tu. Wengine simu hubaki mfukoni wakati wa kazi, na baada ya siku mbili za kunung'unika huwa wanashukuru.

Kwa nini mnakataza kijana kubaki peke yake na mtoto?

Kumlinda mtoto kwanza, na kijana pili. Shughuli yoyote ya watoto ina watu wazima wawili au zaidi, mahali panapoonekana na wote. Hakuna kumbeba mtoto kumpeleka chumbani, hakuna kubadilishana namba naye.

Tumealikwa kutembelea kituo cha yatima. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo hata kama nia ni njema. Watoto wengi walio kwenye vituo hivyo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Umaskini ndio uliowaleta, na pale wageni wanapokuja na fedha, kuna wanaozitafutia familia sababu za kuachana na watoto wao. Kisha fikiria mtoto anayekumbatiwa na wageni wapya kila mwezi, wote wakiondoka. Sisi hatuendi tena. Mwenyeji akiwa na huduma kwa watoto, tunamwomba atutumie kuwasaidia walezi: kupika, kufua, kurekebisha paa.

Mtu ameniomba pesa, au namba ya simu, au nimsaidie kuja kwetu.

Jibu moja kwa wote: "Mambo hayo tunayapitisha kwa mchungaji mwenyeji." Si kwamba una moyo mgumu, yeye anajua nani ana shida ya kweli wiki hii. Usiahidi chochote. "Nitaona" ni ahadi kwa anayengoja.

Chakula nisichokipenda?

Wale sabini waliotumwa wawili wawili waliambiwa wale wanachoandaliwa. Mwenye mzio au anayetumia chakula maalumu aseme kabla ya safari, ili mama wa nyumba asiaibike mezani. Mengine onja, shukuru, omba kidogo.

Nimempenda mtu huko. Au tumependana humuhumu kundini.

Hisia hatuzikatazi. Tunachokataza ni kuchumbiana wakati wa safari, kwa sababu wawili wakijitenga kundi lote huwazungumza wao. Subirini siku 30 baada ya kurudi. Mengi hayafiki.

## Mambo yakienda kombo

Pasipoti imepotea.

Polisi kwanza upate taarifa ya maandishi, kisha ubalozi wenu kwa hati ya dharura ya kusafiria. Nakala ya pasipoti na picha mbili ndogo zilizokaa kwenye begi la mtu mwingine huokoa siku nzima. Kama nchi yenu haina ubalozi huko, jueni kabla ya kuondoka ni ubalozi upi wa jirani unaowahudumia.

Kijana anataka kurudi nyumbani siku ya tatu.

Mara nyingi ni usingizi, njaa na ugeni. Mpeni siku moja ya kupumzika na simu moja nyumbani. Akiendelea kutaka, arudi, asindikizwe, na asitangazwe. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba huko Perga akarudi Yerusalemu. Paulo na Barnaba waligombana juu yake hadi wakaachana, na bado miaka ya baadaye Paulo aliandika aletewe Marko kwa kuwa anamfaa kwa utumishi.

Msiba umetokea nyumbani nikiwa huko.

Wazazi wapige kwa kiongozi, si kwa kijana wala kwenye kikundi cha WhatsApp. Kiongozi atamwita pembeni na kumwambia yeye mwenyewe. Ile akiba tuliyoitaja kwenye fedha ipo kwa saa kama hii.

Kiongozi wetu ndiye ananifanyia mambo yasiyofaa.

Si kosa lako, na si dhambi kumshtaki mtumishi. Kabla ya safari kila kijana hupewa namba ya mtu aliyebaki nyumbani, asiye chini ya kiongozi huyo, ambaye anaweza kupigiwa usiku wowote. Mwambie pia mtu mzima mwingine kundini. Likiwa ni kosa la jinai linakwenda polisi. Halimalizwi kwa maombi ya faragha wala kikao cha wazee. Mzazi, kama kanisa lako halina mtu huyo wa kupigiwa, usisaini fomu.

## Mkisharudi

Ushuhuda kanisani niseme nini?

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa wakaeleza aliyoyafanya Mungu pamoja nao. Fuata mtindo huo: wataje wenyeji kwa kazi wanayoifanya, siyo kwa taabu uliyoiona. Kipimo chepesi ni kumfikiria mchungaji mwenyeji ameketi benchi la mbele akikusikiliza. Soma hesabu za fedha siku hiyohiyo, hata kama kuna upungufu.

Nimepata homa miezi miwili baadaye.

Pima malaria leo, na mwambie daktari ulikuwa nchi gani. Dalili zinaweza kuchelewa wiki na miezi, na kwa aina nyingine hata mwaka.

Tangu nirudi nina hasira na kila kitu.

Ni kawaida kukiona cha nyumbani kuwa anasa na watu wako kuwa walalamishi. Usiwahubirie wiki ya kwanza. Kundi likutane baada ya wiki mbili na tena baada ya miezi mitatu. Waliokuwa kule ndio watakaokuelewa. Usipolala wala kula vizuri baada ya mwezi, mwone mtaalamu.

Nadhani nimeitwa kuwa mmisionari.

Huenda. Jifunze lugha moja ya mahali pale kwa mwaka mmoja, ukiwa nyumbani. Ikiwa bado unataka, tuzungumze.

Wenyeji wetu wanataka waje kwetu. Tuseme nini?

Semeni ndiyo, na muwaulize wao wanataka kuja kutufundisha nini. Kisha barua ya mwaliko iandikwe mapema, ikitaja nani anagharamia malazi na nauli, kwa sababu kwa baadhi ya pasipoti viza huchukua miezi na mara ya kwanza hukataliwa. Ikikataliwa, someni sababu iliyoandikwa, rekebisheni, ombeni tena. Wao walisubiri tulipochelewa.